Barua ya wazi kwa wasimamizi wa biashara, forodha, viwango na takwimu Zanzibar: neno "plaiwudi" limeficha mengi

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia biashara, forodha, viwango na takwimu,
Zanzibar.

YAH: KUANDIKWA, KUPIMWA NA KULINGANISHWA KWA BODI ZA MBAO ZINAZOINGIA UNGUJA NA PEMBA

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum. Tunaandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini tumeshaipita. Barua yetu ilipokelewa na kugongwa mhuri, tukaambiwa tusubiri. Tuliporudi tulielekezwa mlango mwengine, na mlango ule ukatuelekeza tulikotoka. Hatutaji ofisi wala afisa, kwani hatukusudii kumfedhehesha mtu. Tunataka jambo lenyewe lifanyiwe kazi.

Hoja tunayojibiwa kila tunapolalamikia bodi zinazovimba, kuachana tabaka na kupungua unene ni moja: tangu China ilipochukua nafasi ya Indonesia katika biashara hii bodi zimekuwa rahisi, kwa hiyo mnunuzi amenufaika. Hoja hiyo imejengwa juu ya ulinganisho usiosimama. Tunaomba mtusikilize hatua kwa hatua, kwa sababu ulinganisho huohuo ndio unaowafanya msione haja ya kupima chochote.

Nchi mbili, plaiwudi mbili

Mwaka 1985 Indonesia ilipiga marufuku kuuza nje magogo mabichi. Aliyetaka meranti yake, mti mwekundu wa misitu ya kitropiki, ilibidi ainunue ikiwa imeshamenywa, imegundishwa na kuwa bodi. Viwanda vikaota Kalimantan na Sumatra, na mauzo ya nje yakapitia chama kimoja cha wenye viwanda, Apkindo, kilichopanga bei na nani auze wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa ikisafirisha zaidi ya mita za ujazo milioni 8 za plaiwudi kwa mwaka, na China yenyewe ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Bodi ile ilikuwa ya mti wa kitropiki, usoni na kiinini.

Mwaka 1998 mambo yakageuka kwa wote wawili. Indonesia, ikiwa imeelemewa na msukosuko wa fedha wa Asia, ililazimika kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuuvunja ukiritimba wa Apkindo, na magogo makubwa nayo yalikuwa yakizidi kuadimika. Mwaka huohuo mto Yangtze ulifurika vibaya, na China ikaanza kuzuia ukataji wa misitu yake ya asili. Ikageukia magogo ya kuagiza na mashamba ya miti inayokua haraka: popla huko Shandong na Jiangsu, baadaye mikaratusi huko Guangxi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 ikaipita Indonesia, na katika miaka ya 2010 ilikuwa ikisafirisha mita za ujazo milioni 10 hivi kwa mwaka.

Ukiichora biashara hiyo kwenye karatasi, mstari mmoja unashuka, mwengine unapanda, na njiani inakatana. Anayeutazama mchoro huo atadhani bidhaa ni ileile, muuzaji ndiye aliyebadilika. Sivyo. Bodi ya kawaida ya China ina kiini cha popla au mkaratusi, na juu yake imevalishwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao, ya mti mwekundu ambayo mara nyingi haizidi unene wa milimita 0.3, sawa na karatasi tatu za daftari zilizobebana. Hatusemi bodi ya China ni mbovu. Viwanda vya Linyi, huko Shandong, vinatengeneza bodi nzuri sana kwa anayeiagiza. Tunasema hiyo ni bidhaa nyengine, na kuziandika zote "plaiwudi" ni kuwatia changu na dagaa katika pishi moja kwa kuwa wote ni samaki.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Namba za forodha zinatazama ngozi, hazitazami mwili.

Plaiwudi imo katika namba 4412. Mstari wake wa mti wa kitropiki, 4412.31, kwa upande wa mti unadai kitu kimoja tu: angalau tabaka moja la nje liwe la mti wa kitropiki. Kwa hiyo bodi ya Indonesia iliyo meranti tupu na bodi yenye kiini cha popla iliyovishwa ngozi ya milimita 0.3 zinaingia mstari mmoja, zinajumlishwa pamoja na kutolewa wastani mmoja wa bei. Wastani ule ukishuka mnasema bei imeshuka, kumbe kilichobadilika ni bodi.

Tena, mistari yenyewe haikukaa pahala pamoja. Hadi toleo la 2007 la orodha ya kimataifa ya namba hizi, bodi za nyuzi, namba 4411, zilikuwa zikigawanywa kwa uzito wa ujazo wake. Kuanzia toleo hilo MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao yenye uzito wa kati, ikatengwa na kugawanywa kwa unene: hadi milimita 5, kutoka 5 hadi 9, na zaidi ya 9. Anayeunganisha takwimu za 2003 na za 2013 bila kueleza kwamba njiani mgawanyo ulibadilishwa anaunganisha vitu viwili visivyoungika. Mwaka 2022 mistari ya 4412 nayo ikapanguliwa tena.

2. Dola na tani hazitoshi.

Bodi moja ya futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220, yenye unene wa milimita 18, ina ujazo wa mita 0.0536. Mita moja ya ujazo inatoa bodi 18 na ushei. Ikiwa ni MDF yenye kilo 730 kwa mita ya ujazo, bodi moja ina uzito wa kilo 39, na tani moja ni bodi 25 hivi. Ikiwa ni plaiwudi ya popla ya kilo 530, bodi moja ni kilo 28, na tani moja ni bodi 35. Basi nchi mbili zikituuzia tani sawasawa, mmoja ametuletea bodi kumi zaidi katika kila tani, na jedwali halisemi neno.

Dola zinapotosha kwa namna nyengine. Mwaka 2021 nauli za makontena duniani zilipanda mara kadhaa. Thamani inayoandikwa bandarini inajumuisha nauli na bima, hivyo mwaka ule thamani ya bodi "zilizoingia" inaweza kuonekana imeongezeka hata kama idadi ya bodi imepungua. Takwimu za nchi inayouza kwa kawaida huandikwa bila nauli. Ukichukua upande mmoja kwa bei ya bandari ya huko na upande mwengine kwa bei ya bandari ya huku, tofauti utakayoipata ni nauli, si biashara.

3. Unene unaoandikwa sio unaopokelewa.

Hili ndilo linalotuuma kila siku. Bodi ikiandikwa 18, kalipa, kifaa cha kupimia unene, mara kwa mara kinasoma 16, na nyengine 15. Katika shehena ya bodi 900, upungufu wa milimita 3 ni sawa na bodi 150 nzima zilizolipiwa lakini hazimo kwenye kontena. Hesabu ya mita za ujazo iliyoandikwa kwenye hati inabaki ile ya 18.

Mnunuzi wa mwisho hupata hasara mara mbili. Rafu hupinda kwa kinyume cha unene uliopigwa mara tatu kwa wenyewe, yaani unene ukipungua kidogo kupinda huzidi sana: bodi ya milimita 15 iliyotoka kiwanda kimoja, kwa gundi ileile na mti uleule, hupinda karibu mara 1.7 ya ile ya 18 ikibebeshwa mzigo mmoja. Ndipo unapoona kabati la vitabu la skuli limelegea katikati kabla mwaka haujaisha, na fundi akatiwa lawama. Tazameni na mlango wa kabati. Bawaba ya kikombe inataka tundu la upana wa milimita 35 na kina cha 12 na nusu. Katika bodi ya 18 unabaki ukuta wa milimita 5 na nusu. Katika ya 15 unabaki milimita 2 na nusu. Keekee ikiyumba kidogo imetokea upande wa pili. Ikiwa haikutokea, uso utafura mahali penye tundu siku ya kwanza ya unyevu.

4. Gundi haiandikwi popote, na kwetu gundi ndiyo roho ya bodi.

Visiwa vyetu ni vya bahari. Unyevu wa hewa ukikaa kwenye asilimia 80 na joto nyuzi 27, mbao hutafuta kutulia kwenye unyevu wa asilimia 15 na zaidi. Bodi hutoka kiwandani ikiwa na asilimia 6 hadi 10. Kwa hiyo kila bodi inayoshuka bandari ya Malindi au ya Mkoani itakunywa maji ya hewani, hata isipoguswa na tone la mvua. Itavimba kiasi gani, na itaachana au haitaachana, hilo ni juu ya gundi.

Zipo tatu kubwa. Gundi ya yurea ni ya bei nafuu, mstari wake ni mweupe au hauonekani, na ni ya ndani pakavu. Ya melamini iliyochanganywa na yurea huvumilia unyevu. Ya fenoli, ambayo mstari wake ni wa kahawia iliyokoza, ndiyo inayohimili maji. Kwa macho makali unaweza kuzitofautisha ubavuni mwa bodi, lakini bodi nyingi huja na kingo zilizopakwa rangi nyekundu au kahawia, na rangi hiyo huficha mistari yote. Lazima ukate.

Sokoni petu neno "marine" limekuwa mtego. Bodi inayoitwa hivyo, yenye uso wa kahawia unaong'aa, ni bodi ya kumwagia zege iliyofunikwa utando. Plaiwudi ya chombo cha baharini ina kiwango chake, BS 1088 cha Uingereza, kinachobana mti, gundi na nafasi tupu ndani ya kiini. Utando wa juu si ushahidi wa gundi ya ndani. Anayeitia bodi ile katika boti kwa kuamini jina anaweka roho za watu rehani.

MDF ya kijani nayo ni hivyohivyo. Kijani ni rangi iliyotiwa kwenye nyuzi za mbao ili kuitambulisha, haizuii maji. Kiwango cha Ulaya, EN 622-5, kinairuhusu MDF ya kawaida ya milimita 18 kuvimba hadi asilimia 12 baada ya kuloweshwa saa 24, yaani ifike kama milimita 20.2. Ile ya mahali penye unyevu hairuhusiwi kuzidi asilimia 8. Mafundi wa jikoni wanajua pa kutazama: mguu wa ubavu wa kabati unaogusa maji ya kupigia deki, na ukingo wa tundu la sinki. Bodi isiyofikia kiwango huvimba hapo kwanza, melamini ya juu ikafunguka kama ganda la kitunguu, na skrubu zikapoteza pa kushika.

Kisha kuna mvuke wa formaldehaidi unaotoka kwenye gundi ya yurea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2004. Daraja la Ulaya la E1 huruhusu hadi miligramu 8 kwa kila gramu 100 za bodi kavu. E2 hufika hadi 30. Na vipimo vya Ulaya vya mvuke ndani ya chumba maalumu hufanywa kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 45. Joto na unyevu vikizidi, bodi hutoa mvuke zaidi. Chumba cha hoteli kilichofungwa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, au darasa jipya lenye madawati na makabati ya chipubodi, bodi ya chembe za mbao zilizogundishwa, viko mbali sana na nyuzi 23 na asilimia 45.

5. Bodi za Bara hazionekani.

Plaiwudi ya mikaratusi kutoka Mafinga inavuka bahari kila wiki. Takwimu za kimataifa huiandika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwa mstari mmoja, kwa hiyo mtu hawezi kujua Zanzibar inatumia kiasi gani, cha nani, cha aina gani. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu yake ya umma Februari 2018, ilikuwa haki yetu kujua kama bodi za Bara zingeelekea kaskazini na bei zetu kupanda. Hakuna aliyeweza kutuambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu.

Tunajua mtakayotujibu

Mtasema hakuna maabara. Kupima mvuke wa formaldehaidi kunahitaji maabara, tunakubali. Mengine hayahitaji. Unene unataka kalipa na pointi nane kuzunguka bodi. Uzito unataka mizani. Uvimbaji unataka beseni la maji na saa 24. Gundi inataka sufuria: kata vipande vya milimita 75 kwa 75 kutoka katikati ya bodi, si ukingoni, uvichemshe. Gundi ya yurea huachia ndani ya saa chache. Ya fenoli iliyopikwa vizuri hupita saa 72 ikiwa imeshikana. Atakayesimama juu ya sufuria hiyo ataujua ukweli wa hati ya muuzaji.

Mtasema bei zitapanda. Bei ya bodi, huenda. Bei ya kabati, la: kabati linalotengenezwa mara mbili ndani ya miaka mitatu ndilo ghali. Na kiwanda hutengeneza kile mnunuzi anachokidai. Japani inadai daraja lake la nyota nne la mvuke mdogo, ikapata. Marekani inaruhusu mvuke wa sehemu 0.05 tu kwa milioni kwa plaiwudi, na viwanda vya China na Indonesia vyote viwili vinatimiza. Januari 2018 Marekani ilipoitwisha plaiwudi ya China ushuru wa asilimia 183.36 wa kuzuia bei za kutupa, viwanda vilibidi vitafute wanunuzi kwengine. Soko lisilouliza swali hupelekewa kilichokosa pa kwenda.

Mtasema forodha ni jambo la Muungano. Tunalielewa hilo. Viwango na takwimu Zanzibar ina vyombo vyake, na zabuni za Serikali ya Mapinduzi zinaandikwa hapahapa.

Na mtasema wanaouza 15 kwa jina la 18 ni sisi wenyewe wafanyabiashara. Ni kweli, wapo kati yetu. Aliyenunua 18 kwa hati akapokea 15 ana mawili: ale hasara au aipitishe mbele. Wengi wanaipitisha. Ndiyo maana tunataka kipimo kiwe bandarini, kabla bodi haijafika dukani, ili muaminifu asiwe ndiye anayefilisika.

Tunachoomba

Kwanza, kila tamko la shehena ya bodi lioneshe aina ya bodi, unene halisi, mti wa uso na mti wa kiini, daraja la gundi, daraja la mvuke, idadi ya bodi, mita za ujazo, nchi iliyotengeneza na bandari iliyopakilia. Hayo mawili ya mwisho yasichanganywe: bodi iliyopita Dubai au Mombasa haikuota huko.

Pili, bodi tano zichaguliwe bila mpangilio katika kila shehena, zipimwe unene, uzito na uvimbaji, na vipande vichemshwe. Matokeo yabandikwe mahali pa wazi. Unene ukipungua kwa zaidi ya milimita 1 kwenye bodi ya 18, shehena iandikwe upya kwa unene wake wa kweli na iuzwe kwa jina hilo. Hatuombi ichomwe.

Tatu, unene na daraja la gundi vigongwe kwenye bodi yenyewe, ubavuni au mgongoni. Karatasi ya kontena haimfikii fundi wa Wete.

Nne, jedwali la kila robo mwaka, Unguja mbali na Pemba mbali, kwa mita za ujazo na kwa idadi ya bodi, bodi za Bara zikiwemo. Anayelinganisha China na Indonesia humo aweke alama katika miaka ambayo namba za forodha zilibadilishwa, na aonyeshe bei kwa mita ya ujazo bila nauli.

Tano, zabuni za skuli, vituo vya afya na nyumba za Serikali ziache kuandika "plaiwudi mm 18" peke yake. Neno hilo halimbani mtu. Ziandike gundi, mvuke, unene wa chini unaokubalika, na nani atapima siku ya kupokea.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, na kikao kimoja ambacho wa forodha, wa viwango na wa takwimu wakae meza moja, ili tusirudishwe tena mlango kwa mlango. Kwenye kikao hicho tutakuja na vipande kumi na mbili vilivyokatwa kutoka bodi zinazouzwa sasa hivi, kila kimoja kikiwa na namba na bila jina la muuzaji, pamoja na kalipa, sufuria na jiko la gesi. Nyinyi mlete saa.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mafundi seremala na wauzaji wa bodi za mbao,
Unguja na Pemba.